Marangu, Desemba: mlimani na mpishi aliyetoka melini

Haya nayaandika nikiwa nyumbani Arusha, kucha za vidole gumba zimeshageuka nyeusi, nikifuata picha za kwenye simu na daftari lililoloa mvua ya Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Nikizipitia sasa naona nyingi ni za sahani na vikombe. Anayetaka picha za barafu awaulize wenzangu. Mimi nitasimulia zaidi tulivyokula, maana tangu siku tuliyokutana na mpishi mazungumzo hayakutoka huko.

Desemba 4. Arusha – Moshi

Coaster, nauli elfu nne, na mabegi yetu yakaongezewa elfu mbili baada ya mabishano marefu na konda. Ni kilomita 80 hivi, ila Desemba barabara hii haina haraka: tuta, trafiki, Usa River, tuta, Kikatiti, trafiki tena. Bomang'ombe tukanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Moshi tukaingia saa sita, jua likiwa utosini.

Sisi ni wafanyakazi wa ofisi moja, tuliotaka kuwa juu asubuhi ya Desemba 9, kama Watanzania wengi wanavyofanya kila Sikukuu ya Uhuru. Wenzangu walikwenda kuoga. Mimi nikamfuata mpishi wetu soko la Mbuyuni, nijue pesa yetu inanunua nini. Ni mtu wa Old Moshi, wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kila mtu anamwita Mangi naye anaitika. Kabla ya mlima alikuwa mpishi kwenye meli ya kitalii kule Karibiani, kazi aliyoipata kupitia wakala wa Mombasa.

Kitu cha kwanza alichonunua si nyama wala mchele. Alikwenda kwa mama mmoja wa nafaka, akachota mahindi ya bisi kiganjani, akayapuliza, akayarudisha, akaomba ya gunia la nyuma.

"Haya ya mbele yamekauka mno. Punje ikikosa unyevu ndani hailipuki, inaungua tu."

Nikamwuliza kwa nini aanze na bisi wakati karoti bado.

"Dada yangu, nikisahau karoti nitajitetea. Nikisahau bisi, wageni watasema huyu hajui kazi."

Kwa atakayekwenda: koti zito na mfuko wa kulalia vinakodishwa Moshi, na bei inashuka ukikodi mkiwa wengi. Glovu na soksi nzito nenda kachague Memorial kwenye mitumba, tena asubuhi kabla vijana wa mlimani hawajapita. Mimi glovu nilizipata kwa elfu tano na zilinivusha.

Desemba 5. Geti la Marangu – Mandara

Getini tulikaa karibu saa mbili. Mizigo ya wapagazi inapimwa, kilo 20 ndiyo mwisho, na mzani haujali kwamba mvua inakuja. Nilimwona Mangi akihamisha trei ya mayai kutoka mzigo mmoja kwenda mwingine kana kwamba anabeba mtoto. Njia yenyewe ya kwenda Mandara ni kilomita kama 8 ndani ya msitu, mbega wakiruka juu, matope chini. Mvua ilitukuta katikati. Sina la kuongeza hapo.

Marangu ndiyo njia pekee ya kupandia yenye nyumba za kulala badala ya mahema, na soda zinauzwa njiani, ndiyo maana watu wa mlimani wanaiita njia ya Coca-Cola. Kwa habari hii yangu lililo muhimu ni bwalo la chakula. Makundi yote mnalia humo, meza kwa meza. Kila mmoja anaona mwenzake kaletewa nini.

Saa kumi bisi zikaja, kwenye sinia la bati, za moto, zenye chumvi na sukari kidogo, na thamosi ya maji ya Milo na chai. Meza yetu ikapiga kelele. Meza ya pili ikapiga kelele. Watu wazima, wenye watoto sekondari, mmoja wao mhasibu mkuu, wanagombea bisi ambazo stendi ya Arusha wanauziwa mia tano na hawageuzi shingo.

Meza ya tatu walikuwa mume na mke kutoka Florida, wastaafu. Zao zilikuwa bado jikoni. Mzee alikuwa anatazama saa. Nikawasogezea sinia letu, nao wakakaribia na vikombe vyao. Yule mama akaniambia walisikia habari za bisi za Kilimanjaro kwa rafiki zao kabla hawajasikia habari za njia ipi ni rahisi. Wakanieleza kuwa wao ni watu wa meli, wamezunguka sana kwa meli za kitalii, na huko nako mambo ni hayohayo. Kwenye meli za Carnival kuna keki ya chokoleti inayoletwa moto ndani ya kibakuli, juu imeshika, katikati bado inatiririka, na aiskrimu ya vanila pembeni. Ipo kila usiku. Mzee huanza kuizungumzia akiwa bado uwanja wa ndege.

"Ni keki tamu kuliko zote ulizowahi kula?" nikamwuliza.

Akafikiri. Akasema hapana, si tamu kuliko zote. Mke wake akacheka mpaka akashika meza.

Desemba 6. Mandara – Horombo

Siku ndefu, kilomita 12 hivi. Msitu unaisha ghafla, vichaka vinaanza, Mawenzi, kilele cha pili cha mlima, inachungulia na kujificha. Chakula cha mchana kilikuwa kwenye boksi: yai la kuchemsha, paja la kuku baridi, ndizi, juisi, keki kavu. Tulikula tumekaa kwenye mawe na hakuna aliyepiga picha. Nikaandika daftarini: *boksi halina mashabiki*. Kuku yule, kwa haki, alikuwa mzuri. Lakini boksi unapewa asubuhi, unalibeba mwenyewe, unajua kilichomo, unalifungua ukichoka. Hakuna anayekuletea.

Jioni Horombo, mita 3,720, supu ya maboga yenye tangawizi. Watu wakanyamaza kwa dakika kadhaa, kisha wakaanza kubishana kama ya jana ya tango ilikuwa bora. Mkuu wetu wa kitengo, ambaye ofisini hatusemeshani naye zaidi ya shikamoo, alikuwa upande wa tango.

Desemba 7. Horombo, siku ya kuzoea hewa

Asubuhi tulipanda hadi kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi, wenyewe wanaiita mawe ya pundamilia, tukarudi. Ilitosha. Mchana wenzangu walilala, mimi nikaomba kukaa jikoni. Mangi akanipa ndoo niikalie na viazi vya kumenya, kwa hiyo sikukaa bure.

Jikoni ni chumba cha moshi na mvuke, kila kundi na jiko lake la gesi, wapishi wanaazimana chumvi na kutaniana Kichaga. Mangi alitia mafuta kwenye sufuria pana, akatupia punje chache tu, akafunika, akasikiliza. Zilipolia, akamwaga zilizobaki, akaishika sufuria kwa matambara mawili na kuanza kuitikisa mbele na nyuma bila kuinyanyua. Mlio ukawa mvua ya bati, ukapungua, na kabla haujakatika kabisa akaipua. "Ukingoja ya mwisho, za chini zimeshaungua."

Nikamwuliza juu ya ile keki ya watu wa Florida. Anaijua. Kampuni aliyofanyia yeye si hiyo, ila kila meli ina chake. Alivyonieleza, nayaweka kwa maneno yangu.

Abiria wa meli, alisema, hana hakika na mambo mengi. Bahari ikichafuka nahodha anaruka bandari, na kisiwa ulichokilipia unakiona kwa mbali. Mvua inaweza kunyesha wiki nzima. Hujui jirani yako wa kabini akoje. Lakini Jumanne ni usiku wa kambakoche, na watu wanajua ni Jumanne, wamevaa suti tayari. Menyu za meli zinakwenda kwa mzunguko uliopangwa, kwa hiyo aliyewahi kusafiri anaijua kabla hajapanda na anamfundisha mgeni: usile sana mchana, leo kuna kile. Huyo mgeni akionja, ameshaingia chamani.

Halafu kuna suala la pesa. Chakula cha ukumbi mkuu kimeshalipwa ndani ya nauli. Nyumbani mtu anaagiza kambakoche kwa kuangalia kwanza upande wa bei. Melini enzi zile mtu aliagiza mkia wa pili, wa tatu, na mhudumu alitabasamu. "Watu wengine," alisema Mangi, "hawafurahii kile chakula. Wanafurahia kutoulizwa." Migahawa ya kulipia zaidi ipo pia, na inaiingizia meli pesa, lakini kelele kubwa za furaha alizisikia kwenye vya bure.

Na kuna sherehe yenyewe. Baked Alaska, ambayo ni aiskrimu juu ya keki, imefunikwa povu la mayai na sukari na kuunguzwa kwa juu, zamani iliingizwa ukumbini taa zikiwa zimezimwa, wahudumu wamepanga mstari, sahani zinawaka moto, abiria wanazungusha vitambaa vya mezani hewani. Siku hizi meli nyingi zimeacha moto wa kweli kwa ajili ya usalama. Mangi hakuipenda keki hiyo. Alipenda ule mstari. Alikuwa anatoka jikoni na kofia yake, watu wanasimama kumpigia makofi mtu ambaye saa moja kabla alikuwa anasugua sinia.

Mama wa Florida alikuwa amenitajia jingine nililomsimulia Mangi: meli za Holland America zinapoingia Alaska kutazama barafu inayomeguka baharini, wahudumu wanapita sitahani na supu nzito ya njegere ya Kiholanzi. Mangi akapiga goti kwa kicheko. Supu ya njegere! Ingeletwa saa mbili usiku mezani, nani angeikumbuka? Ila ukiwa umesimama kwenye baridi, mikono imekufa, umeduwaa mbele ya ukuta wa barafu, mtu akakuwekea kikombe mkononi, utaikumbuka hadi uzeeni. Meli za zamani za kuvuka Atlantiki zilifanya hivyohivyo na mchuzi wa nyama wa moto kabla ya adhuhuri, kwa abiria waliojifunika mablanketi kwenye viti vya sitahani.

Hapo nikaleta ubishi wangu. Kwenye ndege tunaambiwa hewa kavu na shinikizo dogo vinapunguza ladha ya chumvi na sukari, ndiyo maana vyakula fulani vinapendwa angani tu. Mlimani nako mwili una sababu zake. Lakini meli inaelea usawa wa bahari, ulimi ni uleule wa nyumbani. Tena juu huku hamu ya kula inapungua kadiri unavyopanda, haiongezeki. Kwa hiyo si njaa wala si ulimi.

"Nyie Krismasi kwenu mnachinja mbuzi," Mangi akajibu. "Mbona Juni hamsafiri kutoka Dar kuja kula mbuzi? Mbuzi wa Juni ana kasoro gani?"

Nilinyamaza nikamenya viazi.

Ila nilitaka kujua na upande wa pili: mabaharia wenyewe walikuwa wakila nini. Wali, alisema. Wali asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu wafanyakazi wengi wanatoka Ufilipino, India na Indonesia. Wali mzuri, mchuzi mzuri, hana lawama. Lakini Waafrika Mashariki walikuwa wachache, na siku moja Mkenya mmoja akapata unga wa mahindi bandarini. Wakaomba sufuria baada ya zamu, saa saba za usiku, wakasonga ugali kwa mwiko wa chuma wa jikoni. Mboga ilikuwa spinachi ya barafu. Kulikuwa na mtu wa Mombasa, mtu wa Kisumu, yeye wa Old Moshi, na Mganda aliyekuwa akisema siku zote kwao ugali ni chakula cha shule. Huyo Mganda ndiye aliyekwangua sufuria.

"Juu abiria wanalilia kambakoche," alisema, "sisi chini tunalilia ukoko."

Kwa atakayekwenda: kaeni siku hii ya pili Horombo, msiiruke kwa kubana bajeti. Na kama kuna kitu hamli, mwambieni mpishi Moshi kabla hajakwenda sokoni. Huku juu hakuna soko, kila kilichopo kimekuja kwenye shingo ya mtu. Msiagize maharage wala makande pia: maji huku yanachemka chini ya nyuzi 90, na bila presha kuka mtayangoja mpaka mshuke.

Desemba 8. Horombo – Kibo

Kuna sehemu njiani yenye kibao cha maji ya mwisho. Kuanzia hapo kila tone la kupikia linabebwa, kwa sababu kituo cha Kibo hakina chemchemi. Wapagazi walijaza madumu na kutupita jangwani pale kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, nasi tukitembea kama wazee wanaotoka kanisani. Upepo, vumbi, kilomita 9 au 10, basi.

Kibo ni zaidi ya mita 4,700. Chakula cha jioni kililetwa saa kumi na moja ili tulale mapema: supu nyepesi, tambi, mkate. Mhasibu mkuu alitazama tambi akaomba msamaha akatoka nje. Nilikula vijiko vichache kwa amri ya kiongozi. Mzee wa Florida hakugusa kitu, mke wake anambembeleza. Mangi alikuwa amekuja nyuma ya mhudumu kuona wanaokula na wasiokula, jambo ambalo wapishi wengine wanawaachia wahudumu. Hakusema neno. Akarudi na bisi kwenye bakuli dogo, kiasi cha konzi mbili, na kikombe cha chai ya tangawizi, akaviweka mbele ya yule mzee.

Hazikuwa kwenye ratiba, ilikuwa imepita saa yake na gesi ilikuwa ya kuhesabu. Mzee alikula moja, akangoja, akala ya pili. Akazimaliza.

Simfanyi Mangi kuwa tabibu. Aliyelemewa na mwinuko dawa yake ni kushuka, na kiongozi alimkagua mzee huyo kabla ya usiku na kumruhusu. Nasema tu nilichokiona.

Desemba 9. Kileleni na kurudi Horombo

Saa tano usiku chai na biskuti. Saa sita tukaondoka. Giza, kokoto zinazorudi nyuma, taa za vichwani zikipinda juu na chini. Gillman's, kwenye ukingo wa kreta, alfajiri, kisha Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895. Tulimkumbuka Luteni Alexander Nyirenda aliyeweka mwenge na bendera hapa usiku wa Uhuru mwaka 1961, tukaimba wimbo wa Taifa kwa pumzi zilizokatika, tukapiga picha. Wale wa Florida waliishia Gillman's na walikuwa wamekumbatiana tulipowapita.

Kibo tukapewa juisi ya embe na saa moja ya kulala. Kisha Horombo, magoti yanalia.

Jioni hiyo niliomba kula na wapagazi. Nilitaka ugali wao, ambao kwa siku zote hizo nilikuwa naunusa tu. Wakacheka, wakanipa nafasi kwenye duara: ugali mkubwa, kabichi, dagaa waliokaangwa na nyanya. Nikamwuliza kijana aliyebeba begi langu anapenda nini kwenye chakula cha wageni. Supu, akasema, ya maboga, ikibaki. Na bisi? Akanitazama kwa huruma. "Bisi za watoto, dada."

Desemba 10. Horombo – getini – Marangu Mtoni – Arusha

Kushuka moja kwa moja, vyeti getini, kisha bahasha za tipu. Kwa atakayekwenda: kubalianeni kiasi cha tipu kabla ya safari, mgawe mbele ya wote, kila mtu akabidhiwe chake mkononi. Msimpe mtu mmoja akawagawie. Na mpishi asisahaulike kwa sababu hayupo kwenye picha za kilele.

Marangu Mtoni Mangi alitupeleka kwa mama mmoja mwenye meza mbili na benchi, karibu na wanapouza ndizi. Mtori. Ndizi zimepondwa zikapondeka, nyama ya mfupa, kitunguu, pilipili pembeni. Mama alitutazama nyuso zilizobabuka akasema, "Karibuni wanangu, poleni na mlima," akaongeza mfupa kwenye kila bakuli bila kuulizwa. Mkuu wa kitengo akatangaza kwamba hii inaishinda supu ya tango. Ubishi ukaanza upya.

Daladala ya Mtoni hadi Moshi, kupitia Himo, elfu tatu. Mangi akashukia Himo kununua vitunguu, ana kundi jingine Ijumaa. Moshi–Arusha elfu nne tena, na safari hii konda hakudai ya begi. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nimeandika matumizi ya siku: soda elfu moja, nauli elfu saba, mtori elfu tatu, mtori elfu tatu.